Shangazi, nimefunga mlango au sijafunga?

Mwezi huu nilipanga kujibu zile barua za wakwe na mahari, ziko nyingi na nyingine zinachekesha kweli, lakini nimezitandaza mezani nikaona kuna barua sita zimetoka mikoa tofauti na hata nje ya mipaka, waandishi hawajuani, na wote ni kama wanaongelea jirani mmoja. Tano zinamlalamikia, mmoja anadhani anaye kumbe hana. Nikasema basi wakwe wasubiri mwezi ujao, hawaendi popote. Wanaonifahamu wanajua kabla ya ukurasa huu nilikuwa nesi, tena wodi ya akili, kwa hiyo huyu jirani nimekaa naye miaka mingi.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Tanga, mume wangu ni fundi cherehani, mpole, hana maneno na mtu. Tatizo lake ni udhu. Ilianza kama miaka miwili iliyopita akawa anarudia kuosha mkono, nikasema labda ni kujali dini tu. Sasa hivi Alfajiri anaingia msalani na madumu mawili ya lita 20 anatoka jua limeshachomoza, na akikanyaga sakafu ya ukumbini anasema najisi imemgusa, anarudi. Akisimama kuswali anatoa takbira anakata, anatoa anakata, anasema nia haijakaa. Msikitini kaacha kwenda kwa aibu. Na mimi ananiita nisimame mlangoni, mama watoto umeona maji yamefika kisigino? Yamefika. Umeona kweli? Nimeona. Wallahi? Wallahi. Kwa siku naapa hata mara thelathini mpaka naogopa viapo vyangu. Mikono imechubuka inatoa damu, nguo za wateja anaogopa kuzishika, kazi zimelala. Kisomo tumefanya, kombe kanywa, mwingine katwambia ni jini mahaba. Binti yetu aliye chuo anasema baba ana OCD. Ni kitu gani hicho, na mimi nimjibu nini akiniuliza?
Mke wa Fundi, Tanga

Marahaba mwanangu, pole sana na hayo madumu. Kwa barua siwezi kumpima mtu, ila ningekuwa bado wodini ukaniletea huyu baba ningemwandikia daktari neno hilohilo la binti yako.

OCD ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni wazo linalojileta lenyewe, hulitaki, linakutia hofu au kinyaa, ukilifukuza linarudi: maji hayajafika, mkono una najisi, nia haijakaa. Mguu wa pili ni tendo ambalo mtu analifanya ili moyo utulie, anaosha, anarudia, anahesabu, anauliza. Na moyo unatulia kweli, usidhani anaigiza, unatulia dakika mbili tatu, halafu shaka inarudi na njaa kubwa kuliko mwanzo. Ulianza kwa kumpa kopo moja sasa inataka madumu mawili. Na yeye mwenyewe ndani anajua kwamba jambo halina maana, hiyo ndo sehemu inayouma, mtu anajiona anafanya upuuzi na hawezi kuacha.

Sasa sisi Waswahili hili jina tunalo siku nyingi. Wasiwasi. Tumelitoa kwenye Kiarabu na kila mtoto wa madrasa analisoma kwenye Suratun Nas. Siku hizi tumelichakaza tunalitumia kwa kila kitu, nina wasiwasi mvua itanyesha, nina wasiwasi na bei ya mchele, lakini mzee wa pwani akikwambia fulani ana wasiwasi wa maji anamsema mumeo hasa. Kuna msomi anaitwa Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh, huko ambako leo ni Afghanistan, alifariki mwaka 934, yeye alipoandika kuhusu maradhi ya nafsi aliyaweka mafungu manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Wasiwasi akaupa fungu lake peke yake. Kwa hiyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa Wazungu umeletwa na simu, mwambie una miaka zaidi ya elfu.

Mimi ni mtu wa kanisani, haya ya udhu nilifundishwa na sheikh mmoja aliyekuwa anakuja kuwaona wagonjwa wetu, na nilimpenda kwa sababu hakuwa anamwongezea mtu mzigo. Alikuwa anasema wanazuoni wana kanuni, yakini haiondolewi na shaka. Na kuna hadithi ya Bukhari, Mtume alielezwa habari za mtu ambaye akiwa ndani ya swala anahisi kama kitu kimemtoka, akasema asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Angalia hapo vizuri, hakuambiwa basi kwa usalama katawadhe tena. Tafuteni imamu anayejua haya amkalishe amwambie kila kiungo mara tatu mwisho, ukishaka endelea mbele. Ila amwambie mara moja. Mumeo atarudi kesho na swali lilelile kalivalisha kanzu nyingine, na imamu akijibu tena atageuka dumu la tatu. (Kwetu nako yupo pacha wake, anaungama Jumamosi, Jumapili kabla ya misa yuko tena kwa padri kwamba dhambi moja hakuitaja sawasawa.)

Kuhusu jini sitagombana na mtu. Kisomo kikimpa utulivu endeleeni nacho, ila kisomo na hospitali havigombanii njia.

Sasa swali lako la umjibu nini, hapo utaniona mkatili. Wallahi zako ndo chakula cha huu ugonjwa. Najua unaapa kwa huruma, na nimeona familia nzima zimeajiriwa na OCD bila mshahara, mke anashuhudia kisigino, mtoto anachota maji, bibi anafua upya zilizo safi. Usikate ghafla, utavunja nyumba. Kaeni baada ya chakula cha usiku, msalani siyo mahali pa hayo mazungumzo, mkubaliane wote wawili kwamba kuanzia siku fulani swali la kisigino unajibu mara moja tu, ya pili unasema baba watoto, hili linauliza wasiwasi na tulikubaliana silijibu, mimi nipo hapa. Bila hasira na bila mzaha. Atahangaika, pengine atakufokea. Kile kihoro kitapanda, kitafika juu kabisa, halafu kitaanza kushuka chenyewe bila maji na bila kiapo, na yeye hilo hajawahi kuliona kwa sababu kila siku anakikatisha njiani kwa kuosha.

Hiyo ndo tiba yenyewe, sijaitunga mimi. Kule London mwaka 1966 Victor Meyer aliandika habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa kila kitu, aliwakutanisha na kile wanachokiogopa halafu wakazuiwa kufanya yale matendo, na waliokaa nao saa nyingi kuwazuia walikuwa manesi. Manesi! Nalisema hili kwa sababu huwa hatutajwi. Leo inafanywa kwa ngazi, mgonjwa mwenyewe anapanga kuanzia linalomtisha kidogo mpaka linalomtisha sana, wiki hii dumu moja badala ya mawili, wiki ijayo nusu, kukanyaga sakafu na kukaa tu bila kurudi. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa muulize kitengo cha afya ya akili, na mkifika msiseme ana mawazo mengi, maana kila mtu ana mawazo mengi, semeni anatawadha saa nzima na mikono inatoa damu.

*

Mambo Shangazi, shikamoo. Naishi peke yangu Mbagala, chumba na sebule, natumia mtungi mdogo wa gesi. Kila asubuhi nazima jiko nafunga mtungi natoka, nafika kituoni nasema hivi nimefunga kweli? Narudi. Nimefunga. Nafunga mlango, nasukuma kitasa mara nane, lazima iwe nane, nikikosea hesabu naanza upya. Juzi nimeshuka kwenye daladala iliyokuwa imeshapita vituo vitatu nikarudi kwa bodaboda, elfu mbili imekwenda. Nimegundua mbinu, napiga picha jiko na kitasa kila siku, sasa simu imejaa, ina picha elfu moja na mia nne za jiko. Kazini nimepewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Ni ninunue simu yenye memori kubwa au kuna njia nyingine?
Kijana wa Mtungi

Marahaba. Simu usinunue. Nimecheka kwenye memori, nisamehe, ila nimeacha kucheka nilipofika kwenye barua ya onyo.

Kuna jaribio lilifanyika Uholanzi nalipenda sana maana ni la jiko la gesi hasa. Mwaka 2003 Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwaweka watu mbele ya kompyuta yenye jiko la gesi la kuchora, wawashe, wazime, wahakikishe. Kundi moja likahakikisha jiko hilohilo mara nyingi mfululizo, kundi lingine likapewa kuhakikisha taa badala ya jiko. Mwisho wakaulizwa kuhusu jiko. Wote walikumbuka sawasawa tu, ila wale waliolihakikisha sana walisema hawaiamini kumbukumbu yao, picha kichwani imekuwa ya ukungu. Na hao walikuwa watu wazima wa afya zao. Yani unarudi ndani kutafuta uhakika na kumbe kurudi ndo kunakoumaliza uhakika. Kumbukumbu ya leo inachanganyika na ya jana na ya juzi, yote ni jiko lilelile, mkono uleule.

Na picha ni kitasa cha tisa, hamna zaidi. Utafika kazini utafungua picha utauliza hii ni ya leo au ya jana, ukikuta tarehe ni ya leo utauliza labda niliwasha tena baada ya kupiga. Nadhani umeshaanza, maana mtu asiyeanza hana haja ya kutunza elfu moja na mia nne.

Fanya hivi. Funga kama jirani yako anavyofunga, mara moja, bila kuhesabu, halafu ondoka shaka ikiwa bado ipo. Usisubiri iishe ndo uondoke. Panda nayo daladala, hailipi nauli. Itakupigia kelele mpaka kituo cha tatu, siku ya kwanza pengine mpaka mchana, wiki ya pili utashangaa umefika kazini hujaikumbuka. Ukiona peke yako huwezi, na kwa mtu aliyekwisha pewa barua ya onyo mimi nisingejaribu peke yangu, nenda Muhimbili au hospitali yoyote ya mkoa yenye kitengo cha akili. Madaktari wana kipimo chepesi, haya mambo yakila zaidi ya saa moja kwa siku au yakiharibu kazi na maisha yako, tayari ni ugonjwa, siyo tabia. Kuna na dodoso la maswali kumi lililotengenezwa chuo kikuu cha Yale mwaka 1989, alama zinaanzia 0 mpaka 40, ukifika 16 unahesabiwa uko katikati, 24 kwenda juu ni kali. Usilitafute kwenye simu ukajipima kila asubuhi. Nakujua.

*

Niaje Anti, mimi niko Nairobi, nina OCD mbaya sana, viatu zangu lazima zipangwe kwa rangi na mwenye tunaishi naye akiguza kitu chochote najua. Huu ni ugonjwa ama ni usafi tu?
Msafi

Poa. Ni usafi, na kidogo ni usumbufu, msalimie huyo mwenzako umpe pole.

Jiulize swali moja: ukimaliza kupanga viatu unasikia raha? Kama ndio, hongera, una tabia. Mwenye OCD hana raha pale, ana nafuu ya kama mtu aliyetolewa kidole kwenye mlango, na baada ya muda mlango unafunga tena. David Beckham mnamfahamu wote, mwaka 2006 alisema kwenye mahojiano kwamba ana huu ugonjwa, vitu lazima vikae kwa mstari au kwa jozi, soda kwenye friji ikizidi moja anaitoa anaiweka kabati lingine, na akasema amejaribu kuacha ameshindwa. Hela anazo, wafanyakazi anao, na kopo moja la soda linamshinda. Siku ukiona kiatu kimoja kinakuzuia kutoka nyumbani, niandikie tena.

*

Shangazi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa. Nina mwanafunzi kidato cha pili, akili anazo, nilimfundisha tangu mwaka jana. Muhula huu hamalizi mtihani. Nimechukua daftari lake nikaona kurasa zimetoboka, anaandika neno anafuta, anaandika anafuta, herufi a mpaka iwe duara anavyotaka, raba inamaliza karatasi. Kwenye somo langu alijibu maswali manne kati ya kumi na yote manne kapata. Wenzangu wanasema ni uzembe na kiboko kitamnyoosha. Nisaidie.
Mwalimu

Mwalimu, mzembe hatoboi karatasi. Ahsante kwa kufungua daftari kabla ya kufungua kabati la fimbo.

Huu ugonjwa wengi unawaanza wadogo, kwenye utoto au ujanani, ni wachache unaowaanza baada ya miaka 35 na kuendelea, na shuleni unajificha kwenye vitu vinavyofanana na bidii: anasoma mstari mmoja mara kumi kwa kuogopa kuwa hajauelewa vizuri, anachelewa kipindi kwa sababu ya kuhesabu ngazi, anaenda chooni kila saa kunawa. Watoto wengi hawasemi kwa nini. Wengine wanaamini wasipofanya, mama atakufa, na jambo kama hilo mtoto hawezi kulisema mbele ya darasa, wala mbele ya fimbo. Ukimchapa unamwongezea hofu, na hofu ndo mafuta ya hii injini.

Mwite peke yake, usimuulize kwa nini unafuta, muulize ukiiacha hiyo herufi hivyohivyo unahisi nini kitatokea. Halafu kaa. Akikujibu utakuwa umejua zaidi ya wenzako wote wa staffrum. Waite wazazi, waambie neno hospitali bila neno kichaa. Darasani mpe kalamu ya wino badala ya penseli, ila mkubaliane kwanza, ukimnyang'anya raba kwa nguvu atahamia kwenye kukata kwa mistari. Na usimuandikie wewe, wala mama yake asimuandikie kazi za nyumbani.

*

Anti, kijana wangu ana miaka 20, daktari kasema ni OCD kaanza kunywa fluoksetini. Wiki ya pili leo hamna mabadiliko, tumbo linamsumbua, jirani anasema hizo ni dawa za vichaa akizizoea hataacha. Nimsimamishie?
Baba, Mwanza

Hapana baba. Wiki mbili ni mapema mno, kwenye OCD hizi dawa zinadai wiki nane mpaka kumi na mbili kabla hujasema zimeshindwa, na mara nyingi dozi inapanda kuliko ile ya mgonjwa wa sonona. Kichefuchefu, kichwa na usingizi kuvurugika ni vya wiki za mwanzo, kwa wengi vinapungua. Hazilevyi na hazitafutwi mtaani, ila haziachwi ghafla, zinapunguzwa na daktari, na akipata nafuu kwa kawaida anaendelea nazo mwaka au zaidi. Fluoksetini na setralini ziko kundi moja, ya zamani zaidi ni klomipramini ambayo inakausha mdomo na kufunga choo lakini kazi inafanya. Kitu kimoja nikuombe, akiwa na umri huo wiki za mwanzo mkae naye karibu, akianza kusema maisha hayana maana au akibadilika ghafla rudini hospitali siku hiyohiyo. Na muulizeni daktari kuhusu ile tiba ya kukabiliana na hofu niliyomwandikia mama wa Tanga, dawa na tiba hiyo vikienda pamoja kijana anafika mbali zaidi. Jirani mpe chai.

*

Shangazi naandika nimejifungia chooni. Usitaje ninapokaa. Nina mtoto wa miezi miwili, wa pili huyu. Tangu alipofika wiki tatu, kila nikishika kisu cha mboga inanijia picha namchoma. Mimi nampenda mtoto huyu nampenda kufa. Nimeficha visu vyote juu ya kabati, mchicha nanunua uliokatwa gengeni, mama mkwe ndo anamwogesha maana nikimshika majini inanijia namzamisha. Usiku naamka naangalia kama anapumua, nasema sala moja mara saba, nikikosea narudia. Sijamwambia mtu yeyote, nikisema watamchukua mtoto, mimi wanipeleke Mirembe. Niambie ukweli, nitamuua mwanangu?
Mama Wawili

Mwanangu, toka chooni ukae kitandani usome.

Ulichoandika nimekisikia kwa akina mama wengi, na wote waliniambia kwa sauti ya chini kana kwamba ni wao tu duniani. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanajiwa na mawazo mabaya wasiyoyataka, ya kumdhuru mtu, ya aibu, ya kutukana patakatifu, na karibu nane kati ya kumi walisema ndio. Mtu wa kawaida inamjia picha ya kumdondosha mtoto ghorofani, anashtuka, anasema lo, anaendelea kupika. Wewe hukuendelea kupika. Ulisimama ukaliuliza wazo, wewe ni nani, umetoka wapi, ina maana mimi ni muuaji? Ukalifichia visu, ukalipa sala saba, ndo likajua hapa napewa kiti. Na linachagua kile unachokipenda kuliko vyote. Yule wa Tanga anaipenda swala yake, limekaa kwenye swala. Wewe limekaa kwa mtoto.

Mawazo ya OCD yanakwenda kinyume na mwenyewe, ndo maana yanakutisha, na wanaoyapata hawajulikani kwa kuyatenda, wanajulikana kwa kuyakimbia. Kuyafukuza nako hakusaidii. Mwaka 1987 kule Marekani Daniel Wegner aliwaambia watu kwa dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, akikujia piga kengele. Kengele zikalia tu. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, wakamfikiria zaidi ya wale ambao hawakuwahi kukatazwa.

Kuna kitu kimoja lazima nikitenganishe na hiki chako. Mama aliyejifungua akianza kusikia sauti zinamwamuru, au akaamini kwa dhati mtoto ni shetani au amebadilishwa, au akiona kumdhuru ni jambo sahihi, au halali siku mbili tatu na anajiona ana nguvu za ajabu, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Huo ni ugonjwa mwingine na hausubiri jarida.

Wewe nenda kliniki ya mama na mtoto, mwambie nesi kama ulivyoniandikia mimi, hata umwonyeshe ukurasa huu. Wengine wetu hatukufundishwa vizuri, ukikuta nesi kakutolea macho omba daktari wa akili. Kuna dawa mama anayenyonyesha anatumia, setralini ni mojawapo, daktari ataangalia. Na hayo ya Mirembe, tumeyageuza matani mpaka watu wanaumia kimya, Nairobi wanataniana kwa Mathari, Unguja kwa Kidongo Chekundu, wakati kliniki za nje za hospitali hizo watu wanakuja asubuhi, wanaongea na daktari, mchana wanarudi nyumbani kupika.

Mtaalamu akishakuanzisha, mtafika mahali kisu kinarudi jikoni na unamwogesha mtoto mama mkwe kakaa pembeni anasuka ukili, wala hana habari kama unafanya tiba.

Sasa, kabla ukurasa haujaenda mtamboni Mama Wawili amenitumia meseji tatu, na ameniruhusu nizitaje. Ya kwanza: una uhakika Shangazi? Nikajibu, ndo makosa yangu, nina miaka yote hii kazini na bado huruma iliniponza, maana baada ya dakika kumi ikaja ya pili: ila sikukwambia kuna siku alilia sana nikakasirika, je bado ni OCD? Ya tatu ni ya saa nane usiku, anaomba neno moja tu, ndio au hapana.

Hiyo ya tatu sijaijibu na siijibu. Asubuhi nimemtumia jina la kliniki na siku wanayopokea, nikamwambia aende na mama mkwe. Na wewe Mama Wawili, jibu lako ni hapo juu, lisome mara moja, halafu mpe huyo mama wa gengeni huu ukurasa afungie maandazi.